Bango la Madrasa kwa Programu Huria: Tuchague Ipi?



Madrasa zetu hapa Tunduma zinapoandaa mashindano ya kusoma Qur'an, mabango hubandikwa kuanzia mpakani hadi Mlowo na Vwawa. Mara nyingi mtengenezaji ni mwanafunzi mkubwa mwenye kompyuta ya kuazima, naye huanza na Photoshop ya wizi aliyopewa kwenye flashi.

Programu ile ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda. Kwa upande wa dini, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwaka 1988 liliamua kuwa haki za mtunzi na mvumbuzi zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Je, tangazo la Qur'an lianzie kwenye haki ya mtu? Wala dharura hapa hakuna, maana ya halali ipo, na ni bure.

Nayo ni programu huria, ambayo wenyewe wameruhusu itumike, inakiliwe, hata ifunguliwe na kurekebishwa. Nchini kwetu si jambo geni: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Mmoja akipakua kwa bando lake, wenzake kumi wakanakili kwa flashi, hakuna aliyedhulumiwa.

Kwa bango ziko tatu. GIMP ni ya picha. Lakini picha hujengwa kwa nukta, na bango la A3 likitakiwa kutoka safi huhitaji nukta 3508 kwa 4961. Picha iliyopitia WhatsApp haifiki hapo. Ukiikuza inatoka na ukungu. Inkscape huchora kwa mistari, hivyo maandishi yake hubaki makali hata ukiyakuza yalingane na mlango. Scribus ni ya kupanga kurasa, nayo inajua mambo ya kiwandani, kama rangi nne za wino na milimita 3 za ziada za kukatia pembeni.

Sisi twazipima kwa mstari mmoja wa Kiarabu. Andika jina la madrasa, utazame kama herufi zinaanzia kulia na zimeshikana. Scribus 1.4 ya zamani iliziacha kila moja peke yake, mtu asome nini? Toleo la 1.6 la mwaka 2024 linaziunga. Inkscape haina taabu hiyo, hasa ukitumia fonti ya Amiri ya Khaled Hosny wa Misri, nayo huria, iliyofuata herufi za matbaa ya Bulaq, Cairo. Basi kwa bango la ukurasa mmoja chukueni Inkscape, na GIMP isafishe picha. Scribus iachieni jarida kama hili.

Aya msiziweke. Bango likibanduka huishia kukanyagwa stendi, au kufungia karanga.

Kabla ya kwenda steshenari, hifadhi faili la awali, kisha kwenye nakala geuza maandishi yawe michoro, maana kompyuta ya pale huenda haina fonti yako. Toa PDF. Chapisha moja tu ya A4, ustadhi aisome herufi kwa herufi, tarehe na saa pia, ndipo mlipie zilizobaki.