Turbo Inapolia: Pima Shafti Kabla ya Kununua Nyingine

Pikapu ya dizeli iliyojaa maembe inapopanda kutoka Tawa kuelekea Kikima, turbo ndiyo hufanya kazi kubwa. Huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo ikasukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Shafti yake inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Katika turbo nyingi haikai juu ya gololi, bali huelea kwenye utando mwembamba wa oili ndani ya beringi. Oili ikichafuka, ikipungua au ikichelewa kufika, beringi huanza kulika.

Dalili zake madereva wengi wanazijua: mlio mkali kama king'ora gari linapovuta mzigo, moshi wa samawati, oili kupungua bila kudondoka chini, na gari kukosa nguvu mlimani. Hata hivyo, dalili hizo pekee hazitoshi kuilaumu turbo. Filta ya hewa iliyoziba kwa vumbi huifanya turbo ifyonze oili kupitia sili zake. Bomba la kurudisha oili likiziba, oili hukosa njia ya kushuka na kutokea upande wa hewa au wa ekzosti. Paipu ya hewa iliyopasuka nayo huleta mlio na kuondoa nguvu. Makosa kama hayo hurekebishwa kwa pesa kidogo, na mteja ana haki ya kumtaka fundi ayaangalie kwanza.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, fundi hutoa paipu inayoingiza hewa kwenye turbo na kushika ncha ya shafti kwa vidole. Kwanza huisukuma juu na chini. Ikicheza kidogo, hiyo ni kawaida, kwa kuwa nafasi hiyo ndiyo hujazwa na oili. Turbo nyingi nzima hutupwa kwa kutojua hili. Kisha huivuta nje na kuisukuma ndani. Huku isicheze kwa kiasi cha kuhisiwa waziwazi, kwani nafasi inayoruhusiwa mara nyingi ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Mwisho, huizungusha huku akiisukuma upande. Mapanga yakigusa ukuta, au yakiwa na mikwaruzo, beringi imekwisha.

Gari la namna hiyo lisipakiwe tena. Oili nyingi ikivuja upande wa hewa, injini ya dizeli inaweza kuanza kuichoma kama mafuta, ikanguruma kwa kasi na kukataa kuzimika hata ufunguo ukizungushwa. Likitokea hilo kwenye gari la gia za mkono, dereva akanyage breki kwa nguvu, aweke gia ya juu kisha aachilie klachi ili injini ikabwe. Abiria washuke na kukaa mbali. Mtu asijaribu kuziba njia ya hewa kwa mkono.

Katika kutengeneza, kubadilisha beringi peke yake ni kubahatisha, kwa sababu shafti na mapanga huhitaji kusawazishwa kwa mashine maalumu. Kilicho salama zaidi ni kuweka katriji, yaani kiini kizima cha katikati kilichokwisha kusawazishwa. Turbo ya mtumba ipimwe shafti dukani kabla ya pesa kutolewa.

Lakini kazi kubwa ni kutafuta kilichoua ile ya kwanza. Bomba la kuleta oili lisafishwe au libadilishwe, pamoja na kichujio kidogo kilicho kwenye bolti yake ikiwa kipo. Bomba la kurudisha likaguliwe, na oili iliyobaki kwenye kipoza hewa imwagwe yote. Silikoni isipakwe kwenye njia ya oili. Vipande vyake huziba tundu. Oili na filta ziwe mpya, za aina iliyotajwa na mtengenezaji wa gari.

Kabla ya kuwasha, fundi humimina oili safi kwenye tundu la turbo na kuizungusha shafti kwa mkono. Kisha injini huzungushwa kwa stata bila kuwaka hadi taa ya oili izimike. Ikishawaka, iachwe ingurume polepole kwa dakika chache bila kukanyagwa.

Dereva naye, akifika Kikima injini ikiwa moto, asizime papo hapo. Dakika moja au mbili zinatosha oili kupoza beringi. Ikizimwa ghafla, oili iliyobaki ndani huungua na kuwa masizi magumu.