Somo la Afya: Shinikizo la Damu na Urithi



Katika vyama vyetu wamo wengi wenye shinikizo la damu. Mmoja hupatwa na maradhi ya moyo angali na nguvu za kulima. Mwenzake huishi nalo hadi uzeeni. Watu husema ni bahati. Somo hili laeleza sehemu moja ya sababu, na kwa nini sababu hiyo isimfanye mtu aache dawa.

1. Urithi ni nini?
Kila mtu hupokea kwa baba na mama maagizo yaongozayo kazi za mwili, yaani jeni. Maagizo hayo hutofautiana kidogo baina ya mtu na mtu. Kwa wagonjwa walio wengi, shinikizo la damu haliletwi na jeni moja. Tofauti nyingi ndogo ndogo huchangia, pamoja na chumvi, unene, pombe na umri.

2. Mfano wa Marekani
Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa Wamarekani weusi 3,363, waliofuatiliwa kwa miaka 15. Zaidi ya nusu yao walikuwa na shinikizo la damu. Watu 85 walikuwa na hitilafu katika jeni iitwayo PCSK9. Kazi ya jeni hiyo ni kupunguza milango ambayo ini hutumia kuondoa lehemu katika damu. Ikiharibika, milango hubaki mingi na lehemu mbaya hupungua. Kwa hao 85 lehemu hiyo ilikuwa pungufu kwa asilimia 28, na mmoja tu ndiye aliyepata ugonjwa wa mishipa ya moyo. Miongoni mwa wasio na hitilafu hiyo, karibu 10 katika kila 100 waliugua.

3. Fundisho
Shinikizo na lehemu ni mizigo miwili juu ya mshipa mmoja. Mmoja ukipungua, hatari nayo hupungua. Lakini waliokingwa hivyo hawakufika 3 katika kila 100. Tena, mzazi mwenye kinga hiyo kwa upande mmoja humrithisha nusu tu ya watoto wake, kwa wastani. Basi asiwepo wa kusema, "Baba aliishi na presha bila dawa, nami nitaishi." Chama hakikopeshi kwa dhamana ambayo hakuna aliyeiona, vivyo hivyo mtu asiweke rehani uhai wake kwa urithi usiopimwa.

4. Yatupasayo
(a) Kupima. Kipimo kikirudia kufika 140 kwa 90 au zaidi, mwone mganga.
(b) Kumeza dawa kama ulivyoagizwa, hata ukijisikia mzima.
(c) Kumweleza mganga iwapo mzazi au ndugu alipatwa na kiharusi au maradhi ya moyo mapema.
(d) Kupunguza chumvi na kuacha sigara.
(e) Katibu amwalike mhudumu wa afya apime wanachama siku ya mkutano mkuu.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini watoto wa mzazi mmoja hawarithi kinga sawasawa?
2. Ni wanachama wangapi wa chama chenu waliopimwa mwaka huu?