Nilivyoomba Saa Yetu Iingie Kwenye Kalenda

Ombi langu la kwanza kwa watunzaji wa programu huria lilikuwa na sentensi mbili: "Ongezeni saa za Kiswahili. Wengi tunazihitaji." Nililiandika kwa hasira. Daktari wa meno aliniambia nifike saa tatu, vidole vikaandika 3:00 kwenye kalenda ya simu, nayo ikanikumbusha saa tisa alasiri, kliniki imeshaanza kupigwa deki. Siku nne baadaye ombi likafungwa. Mtunzaji alijibu kwa upole kwamba Kiswahili kimo tayari, nikatazame kwenye mipangilio.

Hakunielewa, na sikumpa cha kuelewa. Angejuaje kwamba kwetu saa huanza kuhesabiwa kunapokucha, kwamba saa moja asubuhi ndiyo 7:00 yake? Nikaandika upya. Safari hii nilisimulia tu: nimeambiwa nini, nimeandika nini, simu imelia lini. Likafunguliwa siku ileile. Kwa hiyo kabla hujasema "wekeni kitufe hapa", eleza kilichokukwamisha. Anayeijua programu kwa ndani huenda ana njia fupi kuliko kitufe chako.

Na kabla ya kuandika chochote, tafuta kama mwenzako hajakutangulia. Mimi sikutafuta. Kumbe mtumiaji wa Ethiopia alishaomba jambo lilelile kwa ajili ya Kiamhari, maana nao huhesabu saa kama sisi. Maombi yakaunganishwa, na hapo ndipo yalipopata uzito. Halikuwa tena jambo la mtu mmoja na jino lake.

Ukilikuta ombi la mwenzako, usiandike chini yake "na mimi nataka". Kila neno kama hilo ni barua pepe kwa kila anayelifuatilia. Januari 2016 watunzaji wa miradi mingi waliiandikia GitHub, tovuti inayohifadhi miradi hiyo, barua ya wazi, na kero hiyo ilikuwa mojawapo. Machi mwaka huo zikaja alama za kuonyesha hisia, kidole gumba kikiwemo. Visual Studio Code, programu ya kuandikia msimbo, imekifanya kidole hicho kuwa kura: ombi linalopelekwa kupigiwa kura hupewa siku 60, likipata vidole 20 huingia kwenye orodha ya mambo ya kufikiriwa, la sivyo hufungwa. Wapo wanaouona huo kuwa ukatili. Mimi naona afadhali kufungiwa mlango kuliko kusubiri barazani miaka kumi. Ila kura zina upofu wake: shangazi yangu anayeisumbukia kalenda hiyohiyo kila siku hana akaunti ya GitHub, wala hataifungua.

Kisha yakaja maswali ya watunzaji. La kwanza: kwa nini usibadilishe tu ukanda wa saa, uusogeze saa sita? Kwa sababu nikimwalika mwenzangu wa London kikaoni, naye atasogezwa. Kinachotakiwa kubadilika ni kinachoonekana kwenye kioo tu. Kilichohifadhiwa kibaki kilivyo. Majina ya vipindi hayakutusumbua; alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku yamo tayari kwenye CLDR, hazina ya Unicode ambamo programu nyingi huchota maneno ya tarehe na saa.

La pili lilininyamazisha siku mbili: je, tarehe inabadilika saa ngapi? Nikampigia mama.

"Mwanangu, usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishatua. Kwani madrasa ulikuwa unaenda kulala?"

Nikawaandikia hivyo hivyo, bila madrasa. Tukakubaliana tarehe isiguswe, saa pekee ndiyo ibadilike. Nilipunguza ombi langu, nalo likawa rahisi kubeba.

La tatu ndilo gumu: nani atakitunza kipengele hiki? Kipengele kikishaingia, kila toleo jipya lazima kijaribiwe, na mabishano yake hayaishi. Mwaka 2018 Guido van Rossum, muasisi wa lugha ya programu ya Python, alipitisha pendekezo la alama moja tu, :=, na uchovu wa malumbano yake ukamfanya aachie nafasi ya kuwa msemaji wa mwisho. Sisi tulikuwa tunabishania saa sita nzima. Watunzaji wakakataa kukiingiza ndani ya programu. Wakasema wataacha upenyo ili saa ionyeshwe na kiendelezi, kiprogramu cha kuongezewa juu yake, mwenye shida akitengeneze.

Mwenye shida nilikuwa mimi. Nilikitengeneza na mpwa wangu kwa wikendi tatu, yeye akiandika msimbo, mimi nikihesabu vidoleni kama saa kumi na moja alfajiri ni 5:00 au 17:00.

Juzi tumepokea ombi letu la kwanza kutoka kwa mtumiaji: "Ongezeni daku. Haraka, Ramadhani inakaribia." Nimemuuliza anapokula daku simu yake huonyesha nini. Bado hajajibu.