Nafuu si Kupona

Somo letu la mwezi huu linahusu ugonjwa ambao wengi wetu hatujausikia, nao umo humu humu mtaani kwetu. Aliye nao tulimwona kanisani kila Jumapili, na kwa kutojua kwetu tukamkosea. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba tuandike. Maneno haya ameyasoma kabla hayajapigwa chapa, akayasahihisha mahali pawili. Jina lake amependa lisitajwe.

YALIYOMPATA

Ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 38. Tulimfundisha chuoni, na mpaka leo akituamkia hutuita "Mwalimu".

Mwaka 2016 jicho lake la kushoto liliingia ukungu, likawa linauma kila alipoligeuza. Baada ya wiki sita likaona tena. Mwaka uliofuata miguu ilikufa ganzi, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Baada ya miezi miwili akarudi darasani kwa miguu yake. Mara ya tatu ulikuwa mkono wa kulia, ule ule wa chaki.

Kila mara watu walikuwa na la kusema. Wengine walisema amerogwa. Alipoombewa na kisha akatembea, tulisimama kanisani tukashukuru kwamba amepona; ugonjwa uliporudi, wapo walionong'ona kwamba imani yake ni haba. Mkubwa wake wa kazi alisema anatega. Nasi pia tulimkosa Jumapili moja katika zamu ya kufundisha watoto, hali jana yake tulimwona sokoni akicheka na wenzake. Tukasema hayo hayo, tena mbele ya watu.

Mwaka 2019 alikwenda Dar es Salaam. Akapigwa picha ya ubongo na uti wa mgongo kwa mashine ya MRI, akatolewa na maji ya uti wa mgongo yakapimwe. Ndipo ugonjwa ukapata jina: maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mishipa ya fahamu yafanana na nyaya za umeme. Waya una ganda lake la mpira, na mshipa nao una ganda lake, liitwalo mayelini. Katika ugonjwa huu askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hukosea adui wakalishambulia ganda hilo. Ujumbe utokao katika ubongo huchelewa njiani au haufiki kabisa. Likishambuliwa ganda la mshipa wa jicho, macho hufifia. Likishambuliwa la uti wa mgongo, miguu au mikono hulegea na kufa ganzi. Baada ya majuma au miezi uvimbe hushuka, mwili huziba kiasi unachoweza, na mtu hupata nafuu. Lakini mara nyingi kovu hubaki. Daktari Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, mjini Paris, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu mwaka 1868, kwa kuyachunguza makovu hayo.

Aghalabu huanza kati ya miaka 20 na 40, na huwapata wanawake mara mbili au zaidi kuliko wanaume. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu milioni 2.8 duniani walikuwa nao. Ni mwingi katika nchi za baridi zilizo mbali na ikweta. Kwetu ni nadra, na kwa sababu hiyo haufikiriwi upesi.

Je, hutoka wapi? Jibu kamili halijapatikana, lakini mwaka 2022 wataalamu wa Marekani, waliochunguza kumbukumbu za damu za askari zaidi ya milioni 10, walionyesha kwamba virusi viitwavyo Epstein-Barr vina sehemu kubwa. Virusi hivyo karibu watu wazima wote tunavyo, na walio wengi havituletei MS. Basi ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kushikana mikono. Wala haukutumwa na jirani.

NAFUU NA KUPONA

Lugha yetu ina maneno mawili hapa, nasi tuliyachanganya. Aliyepona ameachana na ugonjwa. Aliyepata nafuu amepumzishwa tu. Mwenye MS ya namna hii huishi kati ya nafuu na kurejewa, wala hajui zamu ijayo ni lini. Kicheko chake cha Jumamosi kilikuwa cha kweli, na kulala kwake Jumapili kulikuwa kwa kweli vile vile.

Hapo ndipo alipotusahihisha mara ya kwanza. Tuliandika kwamba "huteseka kila siku". Akakata kwa kalamu. Alisema, "Mwalimu, si kila siku. Ukiandika hivyo, siku wakiniona nacheka watasema tena ni mwongo."

SIKU YAKE MOJA

La kwanza ni uchovu. Huu si uchovu wa kazi, maana huweza kumshika hata akiamka asubuhi. Alitueleza hivi: "Ni kama nina ndoo moja ya maji, na bomba halitoki mpaka kesho. Nikifua nguo zote, sina ya kupikia." Kwa hiyo hupanga. Siku ya kusahihisha madaftari hafui. Kupika hupika amekaa kigodani. Mboga humenya binti yake mkubwa jioni.

La pili ni joto. Mwaka 1890 daktari Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kwamba wagonjwa wa namna hii huona vibaya baada ya kuutumikisha mwili. Mwenzetu akitembea juani saa saba mchana, jicho lile huingia ukungu tena. Akikaa kivulini na kuweka kitambaa cha maji baridi shingoni, ukungu huondoka. Huko si kurejewa. Kurejewa ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa.

La tatu, basi, ni homa. Malaria au maambukizo ya njia ya mkojo huweza kuamsha dalili zote za zamani. Kwa hiyo akipatwa na homa hangoji kesho. Huenda kupimwa siku hiyo hiyo.

La nne lina aibu kidogo, lakini ameruhusu tuliseme. Haja ndogo humjia ghafla. Ndiyo maana hukaa benchi la mwisho karibu na mlango. Sisi tulidhani amechelewa ibada.

DAWA

Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu haijapatikana. Steroidi hufupisha kipindi cha kurejewa, lakini hazizuii kingine kuja. Zipo nyingine zinazopunguza idadi ya kurejewa. Ya kwanza, ya jamii ya intaferoni, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu: rituksimabu, kladribini na glatirama. Kuandikwa katika orodha hakushushi bei papo hapo, lakini serikali na hospitali zina mahali pa kuanzia. Mwenye kupewa dawa asiiache kwa kuwa amepata nafuu. Yamkini nafuu hiyo ni kazi ya dawa.

TUFANYE NINI?

1. Tumwulize yeye leo yukoje, wala tusimpime kwa jana.

2. Tukimpa kazi, tumpe na mwenzake. Sasa zamu ya watoto ina walimu wawili. Mmoja akishindwa, somo halivunjiki wala hakuna wa kulaumiwa.

3. Tusimkatie shauri. Akitaka kubeba mzigo wake, abebe. Akitaka msaada, atasema.

4. Tumwombee bila kumdai ushuhuda. Akirejewa, si yeye aliyetuangusha.

5. Mtu akipata dalili kama hizi, aende hospitali, aeleze na zile za miaka iliyopita hata kama zilikwisha. Daktari huunganisha habari kwa tarehe. Yafaa aziandike katika daftari.

Mwaka jana tulikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alitukaribisha chai, akasikiliza mpaka tukamaliza, akasema tu, "Mwalimu, ungeniuliza." Hatukuwa na jibu. Katika miaka yetu ya kufundisha walimu tuliwaambia mara nyingi kwamba mtoto akinyamaza darasani aulizwe kwanza kabla ya kuadhibiwa. Somo hilo tulilifundisha wenyewe, tukaja kulikosa uzeeni.

Mahali pa pili aliposahihisha ni pale tulipomwita "mgonjwa wetu". Akaandika juu yake: "mwalimu mwenzenu".

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya nafuu na kupona? Toeni mifano ya magonjwa mengine.

2. Je, katika mtaa wetu yuko mtu tuliyemwita mvivu bila kumwuliza habari zake?

3. Ibada yetu huanza saa tatu, na jua la saa sita hutukuta njiani kurudi. Tubadili nini ili asiyeweza joto asibaki nyumbani?