CD tupu: bei ya kopo si bei ya kazi

Soko la CD tupu limesinyaa sana tangu vijiti vya kumbukumbu na simu vilipochukua nafasi yake, lakini bado lina wateja. Wapo wapiga picha za harusi, kwaya zinazouza nyimbo zao, vituo vya tiba vinavyompa mgonjwa picha za vipimo vyake, na wenye magari ya mitumba kutoka Japani ambayo redio zake husoma CD. Anayenunua kopo moja kwa matumizi ya nyumbani hapati hasara kubwa likiwa bovu. Somo la leo ni la mwenye biashara, yaani anayechoma CD ili amkabidhi mtu aliyelipa.

Tuanze na hesabu. Tuseme CD ya bei ya chini ni shilingi 500 na ile ya daraja la juu ni shilingi 900. Mfanyabiashara anachukua 100 za bei ya chini kwa shilingi 50,000. Zikiharibika 12 wakati wa kuchoma, zinabaki 88, na kila moja imemgharimu kama shilingi 568. Bado ni nafuu kuliko 900. Hesabu hiyo imewaponza wengi kwa sababu si ya uongo. CD inayokataa kuchomeka ina hasara ndogo: unaitupa na kuchukua nyingine. Yenye hasara kubwa ni ile inayochomeka vizuri, ikasomeka siku ya kukabidhiwa, kisha baada ya miaka miwili mwenye harusi anaiingiza kwenye mashine, mashine inaizungusha na kuizungusha bila kuona kitu. Wakati huo picha za asili zilikwishafutwa studio ili kupata nafasi. Hasara hiyo haimo katika zile shilingi 568.

Sababu yake iko katika utengenezaji. CD ni sahani ya plastiki yenye kipenyo cha sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Juu ya plastiki hupakwa tabaka la rangi, kisha tabaka jembamba la madini ya fedha au dhahabu, na mwisho vanishi. Leza ya mashine huichoma rangi na kuacha alama, na madini hurudisha mwanga wakati wa kusoma. Rangi ikipauka kwa jua, au hewa na unyevu vikipenya na kuharibu fedha, maandishi hupotea. Ndiyo maana mkwaruzo wa upande wa juu, ule unaoandikwa jina, ni wa hatari kuliko wa chini. Chini kuna plastiki nene inayoweza kusuguliwa ikang'aa tena, lakini juu kuna vanishi tu.

Sasa, nani aliyeitengeneza? Wanunuzi wengi hutazama chapa iliyo kwenye kopo, na hapo ndipo wanapokosea. Chapa nyingi hazina kiwanda. Huagiza kwa wengine, na shehena ya mwaka huu yaweza kutoka kiwanda tofauti na ya mwaka jana ilhali kopo halijabadilika hata herufi. Kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani, iliyobuni CD ya kuchoma mwaka 1988, iliheshimika kwa miaka mingi, lakini iliacha biashara hiyo mwishoni mwa 2015. Kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha CD "halisi ya Kijapani" ya kampuni hiyo anakuuzia ama mzigo wa zamani ama wa bandia. Jina la Verbatim nalo lilikuwa la Mitsubishi Chemical hadi 2019, liliponunuliwa na CMC Magnetics ya Taiwan. Si lazima mali iwe mbaya kwa sababu hiyo, ila sifa ya zamani isikununulishe mzigo wa leo bila kuupima.

Kipo kipimo cha kuanzia. Kila CD tupu ina mfereji mwembamba wa kuongoza leza, na ndani yake kiwandani huwekwa namba ya mtengenezaji. Programu ya bure kama ImgBurn huisoma. Namba 97m24s01f ilikuwa ya Taiyo Yuden, 97m26s66f ni ya CMC na 97m15s17f ni ya Ritek, pia ya Taiwan. Namba si kiapo, kwa kuwa wapo walioighushi, lakini itakuonyesha mara moja kama makopo mawili ya chapa tofauti na bei tofauti yanatoka nyumba moja.

Kuhusu rangi, wauzaji husema mengi. Zipo aina tatu kubwa: sayanini, ya kijani au samawati, azo, ya buluu iliyokoza, na thalosayanini, ambayo karibu haionekani. Sayanini ndiyo dhaifu zaidi mbele ya mwanga. Hata hivyo rangi nzuri iliyopakwa ovyo haimsaidii mtu, na kwa macho peke yake huwezi kujua imepakwaje.

Kwa hiyo pima. Usichukue katoni kabla ya kununua kopo moja dogo. Inua CD mbele ya taa: vitundu vya mwanga ni dalili mbaya. Choma tano, na uzijaze mpaka mwisho, megabaiti 700, kwa sababu CD huandikwa kutoka katikati kwenda ukingoni na kasoro nyingi huonekana ukingoni. Iamuru programu ilinganishe kilichochomwa na cha asili. Kisha zisome katika mashine nyingine, afadhali kuukuu, maana mteja wako hana mashine mpya. Moja iache dirishani juani wiki chache na mwenzake kabatini, halafu uzilinganishe. Mwenye mashine inayoweza kuhesabu makosa ya usomaji atumie nafasi hiyo: kiwango cha juu kinachokubalika ni wastani wa makosa 220 kwa sekunde, na CD nzuri huwa chini sana ya hapo.

Kasi isikutie tamaa. CD ya dakika 80 kwa kasi ya 16 huchukua kama dakika tano, na kwa 48 unaokoa dakika mbili au tatu tu. Kasi ya chini kabisa nayo si dawa kwa CD zilizotengenezwa kwa kasi kubwa. Aidha, usibandike karatasi ya gundi juu; andika kwa kalamu laini ya wino wa maji.

Ukiridhika, mwambie muuzaji aandike katika risiti ile namba ya mtengenezaji, na kwamba mzigo wenye namba nyingine utarudishwa. Atakayekataa amekwishakujibu. Nunua ya kutosha miezi michache tu. Mwongozo uliotolewa mwaka 2003 na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulikadiria kuwa CD tupu hukaa miaka 5 hadi 10 kabla ya kuchomwa, na ulishauri joto la nyuzi 4 hadi 20 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Ghala la bati la mjini Dar es Salaam au Mombasa halifiki huko hata usiku, na katoni uliyouziwa kwa punguzo huenda imekwisha kukaa humo miaka kadhaa kabla hujaiona.