Anashona hadi alfajiri, kisha hataki salamu

Swali: Daktari, mume wangu ni fundi cherehani. Wiki hii anashona hadi alfajiri akiimba. Wiki inayofuata vitambaa vya wateja vinalala sakafuni, hataki hata salamu. Ni tabia tu?

Jibu: Pole, dada yangu. Kila binadamu ana siku zake. Lakini hali ikipanda na kushuka hivyo kwa miaka 2 au zaidi, bila kutulia hata miezi 2, huenda ni siklothimia, maradhi aliyoyaeleza Mjerumani Karl Kahlbaum mwaka 1882. Hajarogwa, wala si mvivu. Chungeni usingizi kwanza, maana kukesha huweza kumpandisha tena. Andikeni daftarini kila siku saa alizolala na alivyoamka, kisha mlipeleke daftari hilo kwa daktari wa afya ya akili. Akisema hataki kuishi, msisubiri miadi.