Sanduku la Moshi la Umeme Likiharibika

Tangu zamani mahindi ya mbegu hutundikwa darini juu ya meko ili moshi uyalinde na bungua, na samaki hukaushwa juu ya chanja kwa moshi huo huo. Siku hizi umeme umefika vijiji vingi, na wakulima wengine, hasa wenye mabwawa ya samaki, wamenunua sanduku la moshi la umeme. Ni kabati la bati lenye koili chini, kisahani cha maranda ya mbao juu ya koili, na nyavu za kupangia samaki. Likiharibika laweza kukuozeshea samaki, na laweza kumwua mtu. Tuanze na hilo la pili.

Ukigusa kabati ukahisi mtetemo au ganzi mkononi, hata kidogo sana, umeme unavuja. Usiliguse tena. Zima swichi ya ukutani kwa mkono mkavu. Ikiwa swichi hiyo imelowa, zima swichi kuu ya nyumba. Kisha chomoa plagi. Pengine leo umevaa viatu na sakafu ni kavu, ndiyo sababu umeme umekutekenya tu. Kesho mtoto atakuja miguu mitupu, sakafu imelowa maji ya kuoshea samaki, na umeme ule ule utamwua.

Mara nyingi shina la jambo hili ni waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano, uliokatika au ulioondolewa. Wako watu wanaouondoa kwa makusudi, kwa kuwa ukiwapo swichi ya usalama hukata umeme kila mara. Huko ni kumfunga mbwa kinywa kwa sababu hubweka mwizi akija. Swichi inakata kwa kuwa kuna uvujaji. Utafutwe huo uvujaji.

Sanduku lililokaa bila kazi masika yote mara nyingi lina unyevu ndani ya koili. Ndani ya bomba la koili mmejazwa unga mweupe unaotenga waya wa moto na bati, na unga huo hunyonya maji ya hewani. Ukishachomoa plagi, ifungue koili, ipanguse mafuta, uiweke mahali pakavu penye joto, kama juani, siku nzima au mbili. Kisha fundi umeme aipime kwa mita ya uvujaji kabla haijarudishwa. Ikiwa bado inavuja, nunua mpya. Usipoteze fedha kuifunga funga. Na usioshe sanduku kwa kulimwagia maji. Kitambaa kibichi chatosha.

Sanduku lisilopata moto kabisa lichunguzwe kuanzia ukutani kuelekea ndani. Chomeka pasi katika soketi hiyo hiyo. Pasi isipopata moto, sanduku halina kosa. Pasi ikipata moto, tazama fyuzi iliyo ndani ya plagi yenye meno matatu bapa. Sanduku la wati 800 kwa volti 230 hula ampea 3.5 hivi, basi fyuzi ya ampea 5 yatosha. Usiweke msumari, wala waya, wala karatasi ya fedha ya paketi ya sigara mahali pa fyuzi, kwa maana hapo kitakachoungua ni waya wa sanduku, kisha nyumba.

Fyuzi ikiwa nzima, chomoa plagi, ufungue kifuniko cha nyuma mahali nyaya zinapoungana na koili. Hapa ndipo penye ugonjwa wa masanduku mengi. Kiungio kikilegea kidogo hupata moto, kikipata moto hulegea zaidi, mpaka shaba inakuwa nyeusi na kukatika. Dalili yake ni harufu ya plastiki inayoungua, ambayo moshi wa samaki huificha. Fundi akate waya mpaka afikie shaba inayong'aa, akaze kiungio kipya cha kustahimili joto. Asitumie risasi ya kulehemu wala utepe wa plastiki. Vyote viwili huyeyuka. Viungio vikiwa safi, aipime koili: ile ya wati 800 huonyesha omu 66 hivi. Mita isipoonyesha njia yoyote, koili imekatika.

Ukinunua sanduku la mtumba, soma kibati chake kwanza. Masanduku ya Marekani ni ya volti 120. Likichomekwa moja kwa moja katika volti 230, koili hupata nguvu karibu mara nne, na huungua upesi.

Pengine sanduku linapata moto lakini samaki hawakauki. Kabla hujamwita fundi, tazama taa za jirani saa za jioni. Mwisho wa laini ya umeme volti huweza kushuka hadi 180, na hapo wati 800 hubaki kama 490. Banika asubuhi. Kisha futa lami ya moshi kwenye kidude cha kupimia joto ndani ya kabati, kwani kikichafuka hudanganya. Uwe na kipimajoto chako mwenyewe, ukijaribu katika maji yanayochemka: pwani kitaonyesha digrii 100, lakini mahali penye mita 1,500 juu ya bahari kitaonyesha kama 95, nacho hakina kosa. Joto ndani ya mnofu wa samaki lifike digrii 63, likae hapo nusu saa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, andika saa. Usipokaa ukingoja: washa kuni, uwamalizie samaki juu ya chanja mara moja. Waliokaa katika vuguvugu zaidi ya saa mbili kabla hawajaiva wasiliwe wala wasiuzwe, kwa sababu vijidudu vingine huacha sumu ambayo moto hauiondoi. Wafukie chini sana, mbwa wasiwafukue.